Anioto na wale waliotumwa kuwafunua



Mtu akiokotwa amekufa kwenye njia ya shamba, shingo imepasuliwa, mwili una mistari ya makucha, swali la kwanza ni moja: ni mnyama au ni mtu? Swali hilo lilisumbua vijiji vya msitu ulioko mashariki na kaskazini ya mji wetu kwa miaka karibu 50, tokea siku za Waungwana hata miaka ya 1930. Liliwasumbua vilevile mabwana wakubwa wa Serikali waliokaa Stanleyville, katika ofisi za mtaa ule unaoitwa leo komini ya Makiso. Wao walikuwa na sheria, askari na gereza. Kitu kimoja hawakuwa nacho: mlango wa kuingilia ndani ya siri.

Katika makala haya tunataka kueleza habari za Anioto, watu-chui wa kwetu, na za watu waliotafuta kuwafunua. Tena tutatazama nchi nyingine za Afrika zilizopatwa na jambo la namna hiyo, na moja ambako Serikali iliupata mlango ule, ikatuma watu wake kujificha ndani ya chama cha siri chenyewe. Halafu tutauliza: ukweli ulipatikana kwa njia gani, na nani aliyelipa bei yake? Neno hili linatuhusu sisi, wanafunzi wa seminari, mapadri na wakatekista, kwa maana mara nyingi ni sisi tunaotakiwa kuwa masikio ya wengine.

1. Anioto walikuwa nani

Jina la Anioto lilijulikana zaidi kati ya Babali, kwenye mito ya Aruwimi na Lindi, katika nchi ya Bafwasende. Kutoka kule mambo yake yalifika kwa Bakumu na kwa Babudu wa Wamba. Mtu aliyetumwa kuua alivaa nguo ya gome la mti iliyofunika kichwa na mwili, nayo ilipakwa madoa meusi mfano wa ngozi ya chui. Mkononi alifunga vyuma vilivyopinda kama makucha. Tena kulikuwa na fimbo iliyochongwa mwishoni kwa umbo la wayo wa chui. Kwa fimbo hiyo aligonga udongo penye maiti, ili watakaokuja asubuhi waone nyayo za mnyama.

Mtu huyo hakuwa mwizi wa njiani. Alikuwa ametumwa. Kwa Babali, kazi yake ilishikamana na mambela, yaani jando lao, ambamo vijana walipigwa fimbo, walichanjwa chale za kifuani, na walifundishwa kunyamaza mbele ya wanawake na wageni. Si kila aliyepita mambela alikuwa Anioto, hata kidogo. Lakini wenye mambela ndio waliokuwa na amri juu ya vijana, na amri hiyo iliweza kumtuma mtu usiku.

Wazungu wengi walifikiri kwamba Anioto ni sekti moja, yenye mkubwa wake mmoja na wafuasi wake walioandikwa kama askari katika kitabu. Utafiti wa miaka yetu hii umeonyesha vingine. Mwanahistoria Vicky Van Bockhaven wa Ubelgiji, katika maandiko aliyotoa mwaka wa 2018 juu ya Anioto wa miaka ya 1890 hata 1940, ameeleza kwamba kuua kwa namna ya chui kulikuwa chombo mikononi mwa wakubwa wa mahali, nao walikitumia kulinda uwezo wao kila mara nyakati zilipogeuka. Leo kilishikwa na huyu, kesho na adui yake. Ndiyo maana aliyetafuta kichwa kimoja cha kukata hakukiona.

2. Sababu gani msitu ulitoa chui wa namna hii

Tukumbuke jinsi nyakati zilivyogeuka. Mwaka wa 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa jina la mfalme Leopold. Watu wake walipanda mito yetu kutafuta pembe za ndovu na watumwa, bunduki mikononi. Kijiji chenye mikuki hakikuweza kusimama mbele yao mchana; usiku, porini, kiliweza. Kisha ikaja vita ya miaka ya 1892 hata 1894, Waungwana wakashindwa, na Serikali ya Leopold ikakaa mahali pao ikidai pembe, mpira na wapagazi. Mwaka wa 1908 nchi ikawa ya Ubelgiji. Sheria ya mwaka wa 1910 iliwapa masultani waliokubaliwa medali shingoni. Sheria ya mwaka wa 1926 ilipanga tribinali za wenyeji. Vijiji vilitolewa msituni vikajengwa kando ya barabara, watu wakahesabiwa, wakatozwa kodi, wakaamriwa kulima pamba.

Katika ukoo mmoja kulikuwa sasa na wakubwa wawili: yule aliyepewa na wazee, na yule aliyepewa na Bula Matari. Shauri la mke au la shamba lilikatwa na huyu, na yule mwingine hakukubali. Aliyeshindwa mchana mbele ya tribinali alikuwa na njia nyingine usiku. Hivi Anioto alikuwa polisi wa siri, mwamuzi wa siri na mnyongaji wa siri kwa mara moja. Watu wengine walimwogopa kama adui. Wengine walimwona kuwa mlinzi wa haki yao.

Lakini tusidanganyike na neno hilo la mlinzi. Wale waliouawa walikuwa mara nyingi wanyonge: mwanamke aendaye shambani, mtoto aendaye kuteka maji. Hawakuhukumiwa kwa kosa lao. Waliuawa kwa kuwa walikuwa mke wa fulani au mtoto wa fulani, ili yule fulani aone uchungu na kuogopa. Haki inayomwacha mwenye shauri na kumpasua mtoto wake si haki. Wale wanaosema leo kwamba Anioto walipigana tu na ukoloni, na wale waliosema zamani kwamba walikuwa wanyama tu wenye kupenda damu, wote wawili wanawasahau watu hao waliolala kwenye njia ya maji.

3. Serikali ilivyotafuta

Bwana wa teritwari aliyepata habari ya kifo alikuwa na nini cha kumsaidia? Alikuwa na maiti, ikiwa haijazikwa. Chui wa kweli hushika koo kwa meno, huburuta nyama yake, hula. Vyuma vya mtu hukata kwa mistari iliyo sawa. Lakini maiti iliyokaa siku tatu katika joto la msitu haisemi mambo mengi. Baada ya hapo alibaki na vinywa vya watu: mkalimani, polisi wa sultani, kapita wa kijiji, mfungwa anayetaka kuokoa nafsi yake.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Yeye mwenyewe hakuweza kuingia: rangi yake, lugha yake, hata viatu vyake vilimtangulia. Ilikuwa lazima atumie jicho la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa na ukoo, alikuwa na deni, alikuwa na adui. Sultani aliyeleta majina ya wauaji barazani aliweza kuwa anasema kweli. Aliweza vilevile kuwa anawatoa washindani wake kwa mkono wa Serikali. Kama Anioto walikuwa chombo cha ugomvi wa wakubwa, basi kuwashtaki watu kuwa Anioto kuliweza kuwa chombo cha pili cha ugomvi uleule, tena chepesi zaidi, kwa kuwa kamba ililipwa na Serikali.

Katika miaka ya 1930, hasa upande wa Wamba, mashauri yalikuwa mengi, na watu walihukumiwa kifo, wakanyongwa. Nguo na makucha ya vyuma yalipelekwa Ubelgiji. Tayari mwaka wa 1913 mchongaji Paul Wissaert alikuwa ametengeneza sanamu ya mtu-chui anayemwinamia mtu aliyelala, nayo iliwekwa katika makumbusho ya Tervuren. Mchoraji Hergé alimtia Aniota katika hadithi yake ya Tintin katika Kongo, iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1931. Watoto wa Ulaya wakajifunza kuwaona watu wa msitu wetu kwa sura hiyo moja. Makumbusho ilipofunguliwa tena mwaka wa 2018, sanamu ile iliondolewa kati ya vitu vya maonyesho, ikawekwa katika chumba cha sanamu zisizotumika tena. Mchoraji wetu Chéri Samba alikuwa amekwisha kuchora shauri hilo mwaka wa 2002: watu weusi wanaivuta sanamu kwa kamba kuitoa nje, na wazungu wanaivuta kuirudisha ndani.

Ndivyo ulivyokuwa mwisho wa upelelezi ule: watu walionyongwa, sanduku la vyuma, na picha ya kuogopesha. Neno la kwa nini, yaani nani aliyenyang'anywa uwezo gani na nani, halikupata nafasi kubwa katika karatasi.

4. Walioalika wafunuaji

Watu wa kwetu hawakuwa peke yao katika taabu hiyo. Kule Sierra Leone, katika nchi ya Sherbro, watu-chui walitisha vijiji mwishoni mwa karne ya 19. Karibu na mwaka wa 1890 masultani wa huko waliita wafunuaji wenye sifa, walioitwa Tongo, waje kuwatambua wauaji kwa dawa zao na ngoma zao. Tongo walitaja watu, na waliotajwa walichomwa moto. Sultani Gbana Bunje wa Imperri, mmoja wa wale waliowaita, alitajwa naye, akatupwa katika moto uleule. Mwaka wa 1892 Serikali ya Waingereza iliwakataza Tongo. Mwaka wa 1895 ilitoa sheria iliyokataza hata kuwa na ngozi ya chui na kisu cha meno matatu, na mwaka wa 1912 iliunda tribinali ya pekee baada ya mamia ya watu kukamatwa.

Katika Nigeria, jimbo la Calabar, vifo vya namna hii vilihesabiwa karibu 200 kati ya miaka ya 1945 na 1948. Polisi wengi walijazwa katika vijiji vya Annang, na watu 77 walinyongwa. Hata wakubwa wa Serikali wenyewe hawakupatana: wengine walisema ni watu, wengine walisema chui wa kweli wameua sehemu yao, na wanahistoria wanabishana hata leo. Lakini katika habari hiyo kuna jambo moja tunalopenda kulitia alama. Mwaka wa 1947 chama cha wenyeji, Ibibio Union, kilituma wajumbe wake kutembelea vijiji mchana, mbele ya watu wote, kuapisha kila kijiji kwa kiapo chao cha asili kwamba kitaacha kuua. Katika siku zilizofuata, vifo vilipungua. Wajumbe hao hawakujificha. Walijulikana kwa majina yao na kwa nyuso zao.

5. Walioingia ndani

Labda msomaji atasema: Basi, Serikali hizo zilishindwa kwa kuwa hazikuwa na mpelelezi wa kweli aliye ndani. Tutazame Kenya, ambako walipata wapelelezi wa namna hiyo.

Hali ya hatari ilitangazwa kule mwezi wa kumi mwaka wa 1952. Hatutaki kuwalinganisha Mau Mau na Anioto katika shabaha zao, maana Mau Mau walidai ardhi na uhuru. Tunalinganisha siri tu, kwa kuwa wao vilevile walifungwa kwa kiapo. Ofisa mmoja wa jeshi, Frank Kitson, na ofisa wa polisi Ian Henderson, walitumia njia ya kutengeneza vikundi vya uongo: watu waliovaa kama wapiganaji wa msitu, wanaojua kiapo, salamu na nyimbo zao, wakitembea usiku kutafuta kikundi cha kweli ili kukutana nacho kama ndugu. Mara nyingine ofisa mzungu alijipaka weusi usoni na kukaa nyuma gizani. Lakini nguvu ya kazi ilikuwa wapiganaji wenyewe waliokamatwa na kugeuzwa, ambao juma lililopita walikula pamoja na wale wanaowawinda sasa.

Kwa kipimo cha vita, njia hiyo ilifaulu. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, baada ya vikundi hivyo kumaliza watu wake. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Tena mjini Nairobi, katika msako mkubwa wa mwezi wa nne 1954, watu walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, mtu alipelekwa kambini. Hakuna aliyeweza kumwuliza: Wewe ni nani, tena tuna ugomvi gani mimi na wewe?

Tutulie kidogo hapa. Kule Bafwasende mtu alivaa gome la mti ili ahukumu bila kujulikana. Kule Nairobi mtu alivaa gunia ili ahukumu bila kujulikana. Yule wa kwanza aliitwa mshenzi, na wa pili aliitwa shahidi. Tofauti zipo, ndiyo. Lakini kwa yule aliyehukumiwa, uso haukuonekana mara zote mbili. Katika miaka ile watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya, na maelfu na maelfu walifungwa kambini. Mwaka wa 2013 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba waliteswa, ikakubali kuwalipa wazee 5,228. Miaka karibu 60 ilipita kabla ya ukweli huo kusemwa mchana. Tena wale waliogeuzwa na watoto wao walikaa katika vijiji na wale waliotolewa nao. Mpelelezi alimaliza kazi yake. Kijiji hakikumaliza yake.

6. Neno kwetu

Je, tuseme kwamba kupeleleza ni dhambi kila mara? Hapana. Mtu anayeua watoto ni lazima azuiwe, na Serikali ina haki na wajibu wa kumtafuta. Lakini historia hii inatufundisha kutenga mambo mawili. Mpelelezi aliye ndani anaweza kuleta jina. Hawezi kuleta haki, kwa kuwa haki inataka shahidi mwenye uso, mshtakiwa mwenye kinywa, na sababu ya ugomvi iliyowekwa mezani. Jina lililoletwa usiku na kulipwa usiku linaanzisha siri nyingine mahali pa ile ya kwanza.

Sasa tufikiri juu ya mkatekista wa kijiji. Yeye hahitaji kujificha ili aingie: amekwisha kuwa ndani. Anajua nani amegombana na nani, anaketi penye matanga, anasikia wanawake kisimani. Mwenye cheo akitaka masikio, atamwendea yeye kwanza. Na padri je? Sheria ya Kanisa iko wazi: kanuni ya 983 inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa neno wala kwa namna yoyote, na kanuni ya 984 inamkataza muungamishi hata kutumia alichosikia kwa kumdhuru mwenye kutubu. Wengine wanadhani sheria hii inawalinda wakosaji. Kumbe inalinda mahali pamoja, kati ya mahali pote duniani, ambapo mtu anaweza kusema ubaya wake bila kuogopa gunia lenye matundu mawili. Muuaji aliye na mahali pa kusema anaweza bado kugeuka. Na padri anaweza kumhimiza asimame mwenyewe mchana mbele ya waamuzi. Asiye na mahali pa kusema atabaki na makucha yake tu.

Mkatekista hana siri ya kitubio, na shauri lake ni gumu zaidi. Akijua nje ya kitubio kwamba mtu atauawa, asinyamaze: amwonye yule mtu, aende kwa padri, aende kwa wakubwa, aseme kwa jina lake mwenyewe. Kunyamaza mbele ya damu si uaminifu. Lakini kama anaombwa kuleta orodha ya majina kwa kificho, na wenye majina hawatajua kamwe nani aliyewataja, basi ajiulize kama hakuvishwa ngozi ya chui pasipo kujua.

Mambo haya si ya zamani tu. Tangu mwezi wa pili 2023, ng'ambo ya mto mbele ya Makiso, katika komini ya Lubunga, Mbole na Lengola waliuana kwa sababu ya ardhi, na watu wengi walivuka mto wakikimbia nyumba zao. Katika siku kama hizo kila mtu anatafuta kujua nani yuko na nani, na jina moja linalonong'onwa linaweza kuchoma nyumba kumi. Wakati huo kijiji hakikosi wapelelezi. Kinakosa mtu anayeweza kuwaketisha wazee wa pande mbili barazani, mchana, na kuuliza kwa sauti ya kusikika: ardhi hii ilichukuliwa lini, na nani, na kwa karatasi gani?

Swali hilo ndilo ambalo halikuulizwa vya kutosha kwa Babali na Babudu. Wale walionyongwa Wamba walikwenda nalo kaburini, na watoto waliouawa kwenye njia ya maji vilevile.